Kicheko cha Darasa la Jioni: Mwanafunzi wa Kiingereza katika Kitabu na katika Televisheni

Utangulizi

Fasihi ya dunia haina uhaba wa walimu. Wamo wakali wenye fimbo, wamo wapole wanaodharauliwa, wamo hata wale waliojipachika ualimu bila kuusomea. Lakini mwanafunzi wa lugha, hasa mtu mzima anayekwenda darasani jioni baada ya kazi ya kutwa ili ajifunze lugha ya nchi aliyohamia, ni nadra kumwona amepewa nafasi ya mbele. Makala haya yanahakiki kazi mbili zilizompa nafasi hiyo. Ya kwanza ni kitabu cha Mmarekani Leo Rosten, The Education of Hyman Kaplan, kilichochapishwa mwaka 1937. Ya pili ni mchezo wa televisheni uitwao Mind Your Language, uliotungwa na Vince Powell na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1977.

Kazi zote mbili ni za kuchekesha, na zote mbili huchota kicheko chake katika kisima kimoja, yaani makosa ya mgeni anayejifunza Kiingereza. Swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza ni hili: tunapocheka, tunamcheka nani, na tunacheka nini? Kwa mwalimu wa lugha swali hili si la kupitisha wakati. Darasa la lugha lisilo na kicheko hakuna, na namna darasa linavyocheka ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atafungua tena kinywa chake kesho.

Kazi zenyewe

Rosten alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Łódź, ambao leo umo nchini Poland, akakulia Chicago. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alijipatia riziki kwa kuwafundisha wahamiaji Kiingereza nyakati za usiku, na kutokana na kazi hiyo akatunga hadithi zilizotokea kwanza katika gazeti la The New Yorker kwa jina la bandia la Leonard Q. Ross. Darasa lake limo New York. Mwalimu ni Bwana Parkhill, mtu wa adabu, mvumilivu na mwenye kuamini sarufi kama wengine wanavyoamini sala. Mwanafunzi wake mashuhuri ni Hyman Kaplan, ambaye huandika jina lake kwa herufi nyekundu zenye mipaka ya buluu, na kati ya kila herufi na mwenzake huweka nyota ya kijani. Mwaka 1959 Rosten aliwarudisha wahusika hao katika kitabu cha pili.

Mchezo wa Powell nao umewekwa katika shule ya watu wazima jijini London. Mwalimu ni kijana Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, na juu yake yupo mkuu wa shule, Bi Courtney, mwanamke asiyewaamini walimu wanaume. Wanafunzi kumi wa mwanzo wametoka Ufaransa, Ujerumani, Italia, Ugiriki, Uhispania, Japani, China, Pakistan na India. Mchezo ulipendwa sana, ukauzwa katika nchi nyingi, zikiwamo zile zilizotawaliwa na Waingereza. Hata hivyo ulisimamishwa mwaka 1979, baada ya mmoja wa viongozi wa kituo kilichoutengeneza, Michael Grade, kuona kuwa unayadhalilisha mataifa mengine. Ulifufuliwa kwa muda mfupi mwaka 1986.

Kosa na mantiki yake

Ubora wa Rosten umo katika jambo moja: makosa ya Kaplan yana akili ndani yake. Akitakiwa kutaja kinyume cha neno lenye maana ya "mpya", hataji neno ambalo mwalimu analitarajia. Anataja kile ambacho sisi huku tungekiita mtumba. Msomaji hucheka, kisha husita. Kwa mtu asiyemudu nguo ya dukani, kinyume cha nguo mpya ni mtumba hasa, wala si neno la kamusini. Katika sura nyingine, Bwana Parkhill analiletea darasa maneno ya Macbeth kutoka kwa Shakespeare. Kaplan anasimama na kuyafafanua kwa hisia nzito kana kwamba yanatoka kinywani mwa Julius Caesar, usiku wa kuamkia kuuawa kwake. Amekosea tamthilia, amekosea mhusika, lakini uchovu wa mtawala anayeona maisha yakimponyoka ameutambua barabara. Mwalimu aliyeandaa somo la kusahihisha anabaki akijiuliza kama anacho cha kusahihisha.

Hivyo basi, katika kitabu hiki kicheko huiangukia lugha ya Kiingereza yenyewe, pamoja na kanuni zake zisizofuata kanuni. Kaplan hujenga neno jipya kwa kufuata mfano wa neno alilokwisha kufundishwa, na kosa si lake ikiwa Waingereza waliacha njia iliyonyooka wakapita vichakani. Mwalimu yeyote aliyewahi kumsikia mtoto wa Kiswahili akifanya jambo la namna hiyo katika ngeli atamwelewa mara moja.

Tukigeukia mchezo wa Powell tunakuta kosa la namna nyingine. Mjapani, Taro, hubandika irabu "o" mwishoni mwa maneno ya Kiingereza na kuinama kila mara. Mchina hubadilishana "l" na "r" na kushika kitabu cha Mao. Singasinga huomba radhi maelfu kwa maelfu na kugombana na Mpakistani juu ya dini. Mama wa Kihindi hufuma sweta. Vipindi vinapita, miaka inapita, na kosa la kila mmoja linabaki pale pale lilipokuwa siku ya kwanza. Hakuna anayefikia hatua ya kufikiri kwa Kiingereza, kwa sababu siku atakapofikia hatua hiyo mtunzi atapoteza mzaha wake.

Hapo ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapopaswa kusita kabla ya kucheka. Kijapani, kama Kiswahili, ni lugha inayopenda silabi iishie kwa irabu. Mjapani huita maziwa kwa neno la Kiingereza lililogeuzwa kuwa "miruku", na kitanda hukiita "beddo". Je, sisi tulifanya nini tulipopokea benki, koti, blanketi na baiskeli? Tulifanya vilevile, na mbele ya hapo tulikwisha kulipokea neno la Kiarabu tukalitia irabu likawa "kitabu". Tena mtunzi hakujishughulisha hata kusikiliza vizuri, kwani Mjapani habandiki "o" kila mahali: mara nyingi huweka "u", na "o" hufuata sauti kama "t" na "d". Ama kuhusu "l" na "r", hapa Uganda kila mwalimu anajua kuwa katika Luganda sauti hizo mbili hugawana nafasi: "r" huja baada ya "e" na "i", na kwingineko huwa "l". Mwanafunzi wa Kiganda anapozichanganya katika Kiswahili au Kiingereza si mvivu wala mzembe. Anatii sheria ya nyumbani kwao katika nyumba ya jirani.

Nahau na mazungumzo

Sehemu kubwa ya vichekesho vya Mind Your Language hutokana na nahau. Mwalimu anatamka usemi wa kila siku, mwanafunzi anauchukua neno kwa neno, na watazamaji wanaangua kicheko. Kinachofichwa na kicheko hicho ni kwamba upuuzi umo katika nahau, haumo katika kichwa cha mgeni. Mwingereza husema kuwa mvua inanyesha paka na mbwa. Mtu mwenye akili timamu akitazama nje kuwatafuta paka, ni nani wa kuchekwa?

Na tusijidanganye kuwa lugha yetu ni nyepesi zaidi. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti na kupiga picha, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Tunakula kiapo bila kushiba, tunakula hasara bila kutafuna, tunakata shauri bila kisu. Mgeni akituuliza kwa nini, hatuna jibu isipokuwa kwamba ndivyo wasemavyo watu. Jibu hilo, ingawa laonekana dhaifu, ndilo sahihi. Nahau ni mali ya watu, na hujulikana kwa kuwa pamoja na watu. Anayepewa orodha ya nahau hamsini akaikariri amepewa funguo hamsini bila kuonyeshwa mlango hata mmoja.

Lakini yafaa tumpe Powell haki yake. Katika darasa la Brown lipo jambo ambalo huenda mtunzi hakulikusudia: wanafunzi wale wanaelewana. Mwitaliano na Mgiriki wanafanya urafiki kwa Kiingereza kilichovunjika. Singasinga na Mpakistani wanagombana kwa Kiingereza, na kugombana kwa lugha ya kujifunza si kazi ndogo. Mazungumzo yao yanatimiza shughuli zake zote. Huenda ndiyo sababu watazamaji wa nchi nyingi, ambao wenyewe walikuwa wamekipata Kiingereza kwa taabu, waliwapenda wanafunzi hao kuliko mtunzi alivyowapenda.

Sherehe kama darasa

Rosten anayo sura moja inayostahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Ni ile ya Krismasi, ambapo darasa linaamua kumpa Bwana Parkhill zawadi. Wanafunzi hawa ni watu wa kipato kidogo, na wengi wao wana majina ya Kiyahudi, hivyo sikukuu yenyewe si yao. Hata hivyo wanamwandalia mwalimu wao furaha kwa lugha yake. Tazama yaliyomo katika tendo kama hilo: kuna kukubaliana, kuna kuchangishana, kuna kutunza siri, kuna kumkabidhi mtu zawadi na kumwambia maneno yanayoistahili. Hakuna zoezi la sarufi linaloweza kudai mambo hayo yote kwa mara moja. Siku hiyo mwanafunzi anasema kwa sababu analo neno la kusema, na yupo mtu anayengoja kulisikia.

Powell naye anacho kipindi cha mwaka 1979 kuhusu tamasha la shule. Lakini kwake sherehe ni jukwaa jingine la vituko vilevile. Wahusika wanahamishwa kutoka darasani bila kupata neno jipya la kusema. Nafasi nzuri imepotea bure.

Hata Rosten hakosi dosari. Darasa lake limefungwa milango: hatuwaoni wanafunzi katika viwanda, nyumba na mitaa yao, na kwa hiyo hatujui wanakitumiaje Kiingereza wanapodai ujira au wanaposalimiana na jirani. Bi Mitnick, mwanafunzi hodari na mwenye haya, mara nyingi yuko sahihi kisarufi na mara nyingi hushindwa kwa sauti ya Kaplan. Aidha, katika sura ile ya Krismasi sherehe ni ya mwalimu. Tungependa kumwona siku moja mwalimu akialikwa katika sherehe ya wanafunzi, akikosea yeye, na akisahihishwa kwa upole.

Sisi na kicheko hicho

Nchini kwetu Uganda suala hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya utawala wa kijeshi, na kwa watu wengi kilibaki kuwa lugha ya kambi na kizuizi cha barabarani. Kilifanywa lugha rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria imefungua mlango, lakini sheria haimfundishi mtu kutania. Watu waliosikia lugha ikiamrisha tu hawawezi kujua kuwa lugha hiyo hiyo hubembeleza, husifu na kufumba. Kiingereza nacho, ambacho wengi wetu tulikipata kwa kutishwa adhabu, kina mkosi wa namna hiyo: tunaweza kukiandikia barua ya kuomba kazi, lakini tukikaa mezani na wenye lugha yao tunanyamaza.

Tunayo njia ambayo Brown hakuwa nayo. Katika kwanjula ya Waganda, pande mbili hukutana kupitia wasemaji wao, na wasemaji hao hushindana kwa adabu, mizaha na mafumbo kabla shabaha ya ugeni haijatajwa waziwazi. Hiyo ni sherehe iliyojengwa kwa mazungumzo na nahau tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi aliyeketi huko anajua tayari, bila kufundishwa na mtu, kuwa maneno hayachukuliwi jinsi yalivyo. Mwalimu wa Kiingereza akilitaka darasa liigize shughuli hiyo kwa Kiingereza, au mwalimu wa Kiswahili akilitaka liigize kwa Kiswahili, atakuwa amewapa wanafunzi wasemaji, wageni, wazee na mabishano. Maneno watayatafuta wenyewe. Makosa yaandikwe kimya kimya daftarini mwa mwalimu, yazungumzwe kesho yake, na kila moja liulizwe kwanza swali ambalo Bwana Parkhill alichelewa kuliuliza: lina mantiki gani?

Ndugu walimu, kitabu cha Rosten nakisifu na nakipendekeza kwa maktaba za vyuo vya ualimu, pamoja na dosari zake. Mchezo wa Powell nao usitupwe. Uonyeshwe kwa walimu wanafunzi, ukatizwe kila watazamaji wanapocheka, na waambiwe waeleze wanamcheka nani. Wale watakaosema wanamcheka Taro waombwe kutaja maneno kumi ya Kiswahili yaliyotoka kwa Wazungu, wayatamke polepole, na wasikilize herufi ya mwisho ya kila moja.