«Mater et Magistra» na shamba la Mshi

Tumesoma tena barua Mater et Magistra, iliyotolewa na Baba Mtakatifu Yoane XXIII tarehe 15 ya mwezi wa tano 1961. Maneno yake juu ya walimaji yana nguvu. Baba Mtakatifu hawaombei sadaka tu: anataka serikali iwasaidie kwa mkopo, kwa kodi ya haki na kwa bei nzuri ya mavuno, tena anasema kwamba walimaji wenyewe wawe wa kwanza katika kazi ya kujiendeleza. Misioni iliyozoea kugawa nguo na unga isome hapo mara mbili.

Lakini barua inasifu shamba la jamaa kana kwamba jamaa inalo tayari. Huku Bushi, inchi inayozunguka Bukavu, mwenye kalinzi alitoa ng'ombe kwa mwami ao kwa chifu, na watoto wake wanarithi shamba. Mwenye bwasa anakodi kwa muda mfupi tu. Anapanda maharagi, lakini hana ruhusa ya kupanda migomba wala kahawa. Misioni ikimpa miche ya kahawa, ataipanda wapi? Akitia mbolea, nani atavuna mwaka ujao? Sheria ya 1973, iliyofanya udongo wote kuwa mali ya serikali, haikumwondolea mashaka hayo.

Mahali pengine katika barua Baba Mtakatifu anataka watu wa hali zote wawe na mali yao. Maneno hayo, twaona, yangalikaa vema kando ya yale ya walimaji. Padri na katekista wayasome pamoja, na mbele ya kugawa miche waulize kwanza shamba ni la nani.