Kwa Nini Dervla Murphy Aling'oa Gia

Januari 1963 Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland mwenye umri wa miaka 31, alianza kupiga pedeli kutoka Dunkirk, Ufaransa, kuelekea India. Baiskeli yake, Armstrong Cadet ya kiume aliyoiita Roz, ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi bila mzigo. Kabla ya kuondoka aliamuru jambo ambalo muuza baiskeli yeyote angempinga: mfumo wa kubadilisha gia ung'olewe.

Hakuwa akitafuta wepesi. Kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni huning'inia karibu na ardhi. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, kikono hujipinda. Ukija kutafuta gia nyepesi ya mlimani, kinajikita kwenye spoku na safari imeishia hapo. Murphy aliona kifaa hicho hakitahimili barabara za Asia. Kikiondolewa, inabaki cheni iliyonyooka kati ya magurudumu mawili ya meno, kazi ambayo fundi wa chini ya mti, awe Mashhad au Morogoro, anaimudu kwa nyundo na spana.

Gharama aliilipia mlimani. Chukua baiskeli ya gia moja yenye meno 46 mbele na 18 nyuma, magurudumu ya inchi 28: pedeli ikizunguka mara moja, inasonga karibu mita 5.7. Baiskeli ya safari ya siku hizi, kwenye gia yake nyepesi kabisa, husonga kama mita moja na nusu. Inakwenda kwa kujivuta, lakini inapanda. Murphy alishuka akasukuma, na kwenye njia ya Babusar, kaskazini mwa Pakistan, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ikabidi aibebe Roz. Bado naona hesabu ilimlipa: kusukuma kulimpotezea saa kadhaa, ilhali kusubiri kipuri cha gia kutoka Ulaya kungemkwamisha Kabul kwa wiki kadhaa.

Kwenye tairi hakubahatisha. Za akiba alizitanguliza kwenye balozi za Uingereza njiani, maana tairi iliyopasuka ubavuni haina fundi. Julai alikuwa Delhi.

Wala hakuwa na ugomvi na gia. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipoendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe, safari iliyozaa kitabu The Ukimwi Road, alichagua baiskeli ya milimani.