Kufunga ziwa ni nusu ya kazi

Wandugu wasomi, kila wakati habari ya kufunga Ziwa Tanganyika inatokea, sisi wenye lisansi tunapiga makofi haraka. Mimi ni agronome, lakini napiga nusu tu. Acha nieleze juu ya nini.

Ziwa tunaligawana nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao ku Bujumbura. Mwaka 2024, Kongo na Tanzania zilifunga uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Upande wa biolojia, sina ubishi. Ndakala inaishi muda mfupi na inakomaa haraka, na mikebuka inaikula. Ukiipumzisha miezi tatu, inaweza kuongezeka.

Sasa tuje ku hesabu. Mwaka 1954, mwanauchumi wa Kanada H. Scott Gordon alieleza kitu kimoja rahisi: mahali uvuvi uko wazi kwa kila mutu, faida ikibaki hata kidogo, mtumbwi mwingine unaingia, mpaka faida yote inaishia ku gharama ya nyavu na mafuta. Tuweke hiyo hapa kwetu. Tarehe 16 Agosti samaki ni wengi. Habari inatembea. Kijana aliyekuwa ku machimbo ya dhahabu ananunua wavu, tajiri anaongeza mitumbwi mbili na taa zake. Kumbe samaki walipumzika miezi tatu ili wakimbizwe miezi tisa na watu wengi zaidi! Sheria imehesabu siku, haikuhesabu mitumbwi.

Tena, nani analipa? Kufunga ziwa ni kuweka akiba: unaacha leo ili ukule kesho. Lakini mwenye kuweka akiba ni yule chungu chake kina kitu. Mvuvi iko na deni la nyavu. Mama anayekausha ndakala ku Baraka iko na watoto wa kusomesha. Hata hapa Kilembwe, juu milimani, mbali na ziwa, ndakala ikikosa kupanda, bei inapanda yenyewe, na anayekosa ni mtoto wa maskini. Halafu tunashangaa kuona mutu anaingia usiku na wavu wa chandarua? Lamande ni ya kesho, njaa ni ya leo.

Wengine watasema: watu wetu hawasikii, tuma askari. Ndiyo mawazo ya Garrett Hardin wa 1968, kwamba mali ya wote lazima iharibike. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kinyume: kuna jamii zinazojipangia nani anaingia, nani anachunga, na nani anaadhibiwa. Angalieni wavuvi wetu wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika bila askari, juu taa haivuti samaki tena. Hawafanyi hivyo kwa kupenda mazingira; hesabu yao inawaambia. Sheria yenye kufuata hesabu ya mvuvi inajilinda yenyewe.

Basi, nusu inayobaki ni hii. Kila bandari iandike mitumbwi yake na kuweka kikomo. Kamati iwe na wavuvi pamoja na mama wauzaji. Pesa ya vibali, sehemu yake ibaki ku bandari kwa kusaidia miezi ya kufunga. Mahali samaki wanazalia kando ya ziwa palindwe mwaka muzima. Na sisi ma-agronome wa Lulenge tufundishe kuchimba mabwawa ya samaki, ili Juni isikute sahani tupu.

Bila hayo, mavuno ya kupumzisha ziwa yatachukuliwa na mwenye mitumbwi mingi, na gharama itabaki kwa mwenye mmoja. Wandugu mulio ku Baraka, ku Uvira, ku Kalemie: ku bandari yenu, kuna mutu anayejua idadi ya mitumbwi?