Fundi Anayeanza na Kiganja

Ukitaka kumjua fundi wa alainimenti kabla hujampa pesa yako, angalia anaanza kugusa nini. Aliyeiva huanza na tairi. Anakata usukani mpaka mwisho ili uso wa tairi utokeze nje ya madigadi, anachuchumaa, kisha anapitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kuja nje. Njia moja ni laini, njia ya pili inakwaruza kama msumeno. Makali yakielekea ndani ya gari, magurudumu yamebana mbele kupita kiasi. Yakielekea nje, yametanuka. Hajafungua nati hata moja, na tayari ana nusu ya jibu.

Eastlands ya Nairobi ina watu wa kazi hii kila upande. Wako kandokando ya Jogoo Road, wako Donholm na Umoja, wako Kayole, na pale Kariobangi Light Industries gereji zimebanana ukuta kwa ukuta. Mwenye kompresa, jeki na karai la maji ana kazi mchana kutwa, kwa sababu magari yetu mengi yalishatembea Japani kabla ya kuja kukutana na matuta na mashimo ya huku. Tairi nazo si za kuchezea. Kiwanda kilichoanza Nairobi mwaka 1969 kwa jina la Firestone East Africa, baadaye kikaitwa Sameer Africa, kiliacha kutengeneza tairi mwaka 2016, na mpya tunazonunua sasa husafiri baharini kutufikia. Tairi ikiliwa upande mmoja kabla ya wakati wake, mwenye gari anaumia mfukoni.

Ndiyo maana ninauheshimu sana usomaji wa tairi. Iliyoliwa mabega yote mawili na kubaki nene katikati imetembezwa ikiwa na upepo mdogo. Iliyoliwa katikati ilijazwa kupita kiasi. Ikiliwa bega la ndani peke yake, huenda gurudumu limeinama au limetanuka mbele, na hapo kiganja ndicho hutenganisha mambo hayo mawili. Ikiwa na mabondemabonde kuzunguka uso wake, fundi huenda moja kwa moja kwenye shokamzoba, kwa kuwa gurudumu limekuwa likidundadunda badala ya kukanyaga. Pembeni ametafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno marefu na bado ikawa mzee, mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo.

Kisha upepo. Anafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kilicho kwenye nguzo, ambacho madereva wengi hawajawahi kukiangalia. Kwa magari mengi madogo ya Kijapani kimeandikwa kPa 220 au 230, ambayo kwenye geji ya kompresa ni kama psi 32 au 33. Anapendelea kupima tairi ikiwa baridi, maana ikitoka barabarani moto husoma zaidi ya ilivyo.

Ndipo jeki inapopanda. Mkono mmoja juu ya gurudumu, mmoja chini, anatikisa; halafu kushoto na kulia. Mchezo wa kushoto na kulia humwelekeza kwenye tairodi. Wa juu na chini humpeleka kwenye boli jointi au beringi. Anachungulia bushi kwa tochi ya simu. Akikuta kitu kimelegea, anasimamisha kazi na kukwambia ununue hicho kwanza. Kupima pembe za gari lenye tairodi iliyokufa ni kupima kitu kinachohama, na tuta la kwanza litaharibu vipimo vyote.

Gereji kubwa zina mashine ya kamera inayochapisha karatasi ya rangi nyekundu na kijani. Ni chombo kizuri, na penye hiyo mimi hupeleka gari huko. Lakini karatasi inahitaji mtu wa kuielewa. Katika magari mengi madogo, kinachorekebishika mbele ni mwelekeo wa magurudumu tu; kuinama kwake hakuna nati ya kugeuza, na nyuma mara nyingi hakuna cha kugeuza kabisa. Nyekundu ikitokea huko, fundi mwaminifu hutafuta chuma kilichopinda.

Asiye na mashine hutumia kamba, na nikimtazama huyu husahau saa. Anatafuta mahali pasawa, anafunga usukani katikati, anakaza kamba mbili sambamba pande zote za gari, kisha anapima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Anatafuta tofauti ya milimita moja, mbili. Analegeza nati, anageuza tairodi kidogo, kiasi kilekile kulia na kushoto ili usukani usikae upande. Analisukuma gari mbele na nyuma lipate kutulia, halafu anapima upya. Ugumu wa kazi uko hapo, maana gurudumu lililopotoka digrii 1 linaburuzwa kando zaidi ya mita 17 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 10 kwenda mjini inakuwa na zaidi ya mita 170 za mpira kusuguliwa na lami.

Si kila anayekuja kutaka alainimenti anaihitaji. Usukani unaotetemeka gari likikaribia kilomita 80 au 100 kwa saa kwa kawaida unataka balansi. Gari linalovuta kushoto kidogo huenda linafuata tu mteremko wa barabara, ambayo hujengwa ikishuka kuelekea kando ili maji yatoke. Linalovuta sana, fundi anaweza kubadilishanisha tairi mbili za mbele. Likianza kuvutia upande wa pili, kosa ni la tairi.

Pale Kariobangi nilimwona fundi mmoja akiletewa Fielder iliyokuwa ikivuta kushoto. Mwenyewe alikuwa ameshaamua: alainimenti, haraka, ana safari. Fundi alipima upepo, akakuta tairi ya mbele kushoto imepungua sana. Akapaka mate kwenye mdomo wa vali, povu likachomoza. Alibadilisha kile kipini kidogo cha ndani ya vali, akajaza, akamwambia mwenye gari alizungushe kwanza mpaka Outering Road. Lilirudi likienda wima, na fundi akatoza pesa ya vali peke yake.