Mkono Usio na Haraka

Tunakanda unga, na tunakanda mwili. Sikuwahi kulifikiria neno hilo moja lenye kazi mbili mpaka asubuhi niliyoinama kuinua ndoo ya maji nikashindwa kuinuka. Nilipelekwa, nusu nikitembea nusu nikishikiliwa, kwa bibi mmoja wa Ng'ambo, hapa Unguja, ambaye alfajiri hukanda unga wa maandazi na jua likipanda hukanda migongo ya wanawake wenzake. Mikono ni ile ile. Harufu tu ndiyo hubadilika: ikitoka hiliki, inaingia karafuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usilale kwanza. Vua viatu nikuone."

Nilidhani anauonea huruma mkeka wake. Kumbe alikuwa akitazama ninavyoinama, upande gani ninauogopa, mkono gani unatafuta ukuta. Kisha yakaja maswali: nalalia godoro gani, nakaa kitako saa ngapi kwa siku, maumivu yanashuka mguuni au yamebaki kiunoni, na nani kaniudhi. La mwisho lilinichekesha, na kicheko chenyewe kikauma.

Ndoo haina kosa, alisema. Imekikuta kiuno kimeshachoka. Kweli. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, saa nane kila siku mbele ya kompyuta, shingo nimeitoa kama kobe. Pingili tano za kiunoni hubeba uzito wote wa kiwiliwili, na zinategemea misuli ya mgongo na tumbo izisaidie. Misuli ya mtu wa kukaa hudhoofika, na siku ikishtuliwa hujikaza kama ngumi. Wengine hufika pale pale kwa njia zao: hamali wa Darajani kwa magunia, dereva wa daladala kwa kiti na mashimo ya barabara, mama kwa ufagio mfupi wa uwanjani na mbuzi ya kukunia nazi, mjamzito kwa mzigo asioweza kuutua. Mara nyingi hata picha za hospitali hazionyeshi kilichoharibika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno, kwa hiyo mkeka wa bibi hautakosa mtu.

Mafuta huyatengeneza mwenyewe. Tui huchemka polepole mpaka mafuta yajitenge, kisha hutiwa karafuu kavu na kuachwa zilowane. Karafuu ndiyo ile ile ambayo mafuta yake madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kutuliza jino, ingawa hapa naamini joto la mkono linafanya kazi kubwa zaidi.

Haanzi panapouma. Huanzia visiginoni, akapanda mashavu ya miguu, mapaja, nyonga, kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukoni: yanakuja, yanarudi, kila mara yamefika mbele kidogo. Anapofika kiunoni, kiuno kimeshasahau kujihami. Hapo hutafuta fundo kwa kidole gumba, na akilipata halisugui. Huliegemea kwa uzito wa mwili wake na kunyamaza. Mimi napumua mara moja, mara mbili, ya tatu fundo linaachia, naye anasogea mbele bila kusema kitu. Nilimuuliza kwa nini hatumii nguvu. "Unga ukiuchapuza unakuwa mgumu," alinijibu.

Ibn Sina, katika Kanuni yake ya tiba, karne kumi zilizopita, alitofautisha ukandaji wa nguvu unaoukaza mwili na ule laini unaoulegeza. Bibi hajamsoma. Aliipokea kazi kwa somo wake, kwa kuwakanda wazazi katika arubaini yao. Mimi niliwahi kulipia kukandwa katika hoteli moja ya pwani: mishumaa, maua, muziki wa maji yanayotiririka. Nilipomsimulia, alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huko umepapaswa."

Kuna jambo moja hatukubaliani. Yeye husema mshipa umepanda, naye anaurudisha. Mimi nasema hakuna mshipa unaopanda. Kukandwa hulegeza misuli, hutuliza neva zilizoshtuka, na humwondolea mtu hofu ya kuinama. Wala nafuu yake haidumu sana mtu akirudi kukaa vile vile. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilitaja ukandaji, lakini pamoja na mazoezi na mafunzo. Bibi hakuhitaji mwongozo. Akimaliza tu hukuinua na kukuamuru uende kwenu kwa miguu.

Kinachonifanya nimwite fundi, hata hivyo, nilikiona siku alipokataa. Alikuja mwanamke aliyekonda, mgongo ukimuuma hata akiwa amelala, na usiku homa na jasho. Bibi aliweka kiganja juu ya pingili moja iliyochomoza, akakiondoa. "Huu si wa kukandwa. Nenda hospitali leo, si kesho." Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huwakataa pia walioanguka, na wanaokufa ganzi mapajani au kushindwa kuuzuia mkojo. Hao huwatafutia gari yeye mwenyewe. Wakandaji wangapi wanaikubali hasara hiyo ya pesa na sifa?

Mjukuu wake anafanya kazi hotelini, na siku zake za mapumziko huja kukaa ukingoni mwa mkeka. Jumamosi iliyopita bibi alimwachia mgongo wangu kwa robo saa. Vidole vina nguvu, na mahali pa fundo anapajua. Nilipomaliza kuvaa nikamuuliza bibi anamwonaje.

"Bado ana haraka," alisema.