Nguzo Hazina Kosa: Kimo cha Nyuzi kwenye Gita la Daraja Linaloelea

Mpiga solo wa kwaya moja mjini Nakuru alileta gita lenye daraja la aina ya Floyd Rose akitaka nguzo za daraja zishushwe. Nyuzi zilikuwa zimepanda, na kubonyeza nota kuanzia freti ya 12 kuendelea kulikuwa kazi ya kuumiza vidole. Kabla ya hapo gita lilikuwa laini. Kilichobadilika ni kimoja tu: alitoa nyuzi za seti ya 9, akafunga za seti ya 10.

Hapo ndipo pa kuanzia. Daraja la namna hii, lililobuniwa na Mmarekani Floyd Rose mwishoni mwa miaka ya 1970, halikufungwa mbaoni. Limeegemea nguzo mbili kwa makali mawili membamba. Nyuzi zinalivuta kuelekea shingoni, na springi zilizofichwa mgongoni mwa gita zinalivuta lisiende. Nguvu hizo zikilingana, bamba la daraja hulala sambamba na mwili wa gita.

Seti ya 9 hadi 42, ikityuniwa kawaida, huvuta jumla ya kilo 38 hivi. Ya 10 hadi 46 hufikia kilo 46 hivi. Springi zilizopangiwa mzigo wa kwanza haziwezi kuubeba wa pili. Daraja likainama mbele, mkia wake ukainuka, na nyuzi zikapanda nalo. Shingo nayo ilizidi kupinda kwa mvuto huohuo. Kushusha nguzo kungepunguza kimo, ndiyo, lakini daraja lingebaki limeinama na shingo imepinda.

Kwa hiyo kazi ilianzia shingoni. Ukibonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uzi wenyewe unakuwa rula: tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya 8. Robo milimita inatosha. Hapa ulizidi, basi chuma cha ndani ya shingo kikakazwa kidogokidogo, gita likityuniwa upya kabla ya kupima tena.

Zikafuata springi. Ugumu wake ni kwamba ukikaza uzi mmoja, daraja linasogea na nyuzi nyingine zinalegea. Unaweza kutyuni hadi jioni. Dawa ni kipande cha mbao. Fungua vibanio vya kichwani, kisha fungua kifuniko cha mgongoni. Liweke daraja sawasawa kwa mkono, uchomeke mbao kati ya chuma kizito cha daraja na ukuta wa shimo, upande wa mkiani. Sasa daraja haliwezi kuinama, na nyuzi zote hutyunika kama za gita la kawaida. Baada ya hapo kaza skrubu mbili zinazoshikilia springi, kwa zamu na kwa kiasi sawa. Springi zikipata nguvu ya kutosha, mbao hulegea na kuanguka yenyewe. Ikianguka, mizani imepatikana.

Nguzo zikaguswa baada ya hayo yote. Kipimo kikachukuliwa kwenye freti ya 12, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi: milimita 2 kwa uzi mnene na 1.5 kwa mwembamba ni kimo kizuri kwa wengi. Nguzo ya upande wa nyuzi nene ndiyo pekee iliyohitaji kuzungushwa, tena kidogo sana. Nyuzi zililegezwa kwanza, maana ukizungusha nguzo daraja likiwa limebeba mzigo, makali yanachubuka na daraja haliwezi tena kurudi mahali pake. Stratocaster ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1954, ina skrubu ndogo za kuinua kila uzi peke yake. Floyd Rose haina, kwa hiyo unainua au kushusha upande mzima.

Mwisho ikahakikiwa kwamba nota ya freti ya 12 inalingana na mlio wa harmoniki wa uzi huohuo hapohapo, vibanio vikafungwa, na sauti ikamaliziwa kwa skrubu ndogo za kwenye daraja.

Limebaki swali la matumizi. Solo ya benga, iwe ya Nyanza ilikozaliwa au ya Wakalenjin waliomfuata mwanamuziki Kipchamba arap Tapotuk, inataka nota safi za haraka kwenye nyuzi nyembamba, na mkono wa tremolo, ule wa kuliyumbisha daraja, hauna kazi hapo. Nyimbo nyingi za kanisani ni vivyo hivyo. Na daraja linaloelea lina adhabu yake: uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada, springi zinashinda, daraja linazama, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote.

Kwa mpigaji wa aina hiyo ushauri wangu ni kulifunga daraja. Mbao ya upande wa mkiani inalizuia kuinama. Nyingine, upande wa springi, inalizuia kuzama. Kimo kitabaki kama kilivyopangwa hata seti ya nyuzi ikibadilika, isipokuwa shingo, ambayo bado itahitaji kukaguliwa kiangazi cha Januari kikipisha masika, kwa kuwa mbao hufuata unyevu wa hewa. Anayeutumia mkono huo kweli aliache daraja lielee, na ashikilie unene mmoja wa nyuzi.