Kalamu ya mpingo: tundu, biti na gundi

Kalamu ya mti inayopasuka mikononi mwa mteja mara nyingi huwa imeharibika zamani, siku ile tundu lilipotobolewa na gundi kupakwa. Lawama hupewa mti bure.

Tuchukue Slimline, kalamu nyembamba inayofahamika sana kwa wakerezaji, ikitengenezwa kwa mpingo. Ndani yake mna vibomba viwili vya shaba nyeupe, ile yenye rangi ya dhahabu, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nje cha milimita 7. Mti hugundishwa juu ya vibomba hivyo, kisha hukerezwa mpaka ncha zake zibaki na kipenyo cha kama milimita 8.4. Toa 7, gawa kwa mbili: ukuta wa mti uliobaki ni milimita 0.7 tu. Ukuta huo hausimami peke yake. Unabebwa na shaba. Gundi ilipokosekana ndipo ufa unapoanzia.

Biti ya milimita 7 ndiyo chaguo la kwanza. Kwa hesabu haiachi nafasi, lakini inapozunguka hutikisika kidogo na kulipanua tundu kiasi cha kibomba kupita kikisukumwa kwa kidole. Mwenye biti za inchi pekee aangalie vizuri. Robo inchi ni milimita 6.35, kibomba hakiingii. Biti ya 9/32 ni milimita 7.14, kibomba kinaingia na kuacha milimita 0.07 kila upande. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoamua gundi.

Supagluu hupenda nafasi finyu. Hushika upesi mno, kiasi kwamba kibomba huweza kuganda kabla hakijafika mwisho, na ikishakauka hainyumbuki. Mti hutanuka na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, shaba haifuati mwendo huo, basi gundi kavu huachia. Gundi ya poliyurethani inayofura huziba mapengo, lakini povu lake halina nguvu na hukisukuma kibomba kutoka mahali pake. Epoksi ya sehemu mbili hujaza pengo, hunyumbuka kidogo, na humpa fundi dakika za kukizungusha kibomba ili gundi ienee pande zote.

Mpingo una masharti yake. Ni mzito na una mafuta. Toboa kwa mwendo wa polepole, ukiitoa biti kila mara kumwaga unga wa mti, maana joto la msuguano hupasua mti kutoka ndani. Acha kipande kiwe kirefu kidogo, usikitoboe mpaka chini, kisha kata kitako kwa msumeno. Biti inapotokea upande wa pili ndipo hubandua mti. Kabla ya gundi, futa tundu kwa asetoni na uiache ikauke, sugua kibomba kwa msasa, na uzibe midomo yake kwa nta ili gundi isiingie ndani.

Kwa mpingo, basi, uamuzi wangu ni biti ya milimita 7, au 9/32 ikikosekana, pamoja na epoksi. Supagluu ibaki kwa kuziba nyufa ndogo na kung'arisha. Na kwa kuwa vipimo vya vibomba hutofautiana kati ya aina moja ya kalamu na nyingine, pima chako kwa kalipa kabla hujanunua biti.